MAUA YA KUAZIMA: RIWAYA ZETU NA MITI INAYOCHANUA KIANGAZI

Tulipokuwa shule tulifundishwa kwamba fasihi ni kioo cha jamii. Katika kila mtihani wa Kiswahili mpaka kidato cha nne niliiandika sentensi hiyo, na kila mara nikapata alama zangu. Leo nataka kuuliza swali dogo tu, ambalo huenda wengine wakaliona la kitoto. Kioo hicho kikielekezwa kwenye mti uliosimama nyuma ya nyumba ya bibi yangu kule Handeni, kinaonyesha mti gani?

Swali hili halikunijia kwa usomi. Lilinijia kwa aibu. Ninao mswada wa riwaya ambao nimeuandika kwa miaka kadhaa hapa Korogwe, nikiufuta na kuuanza upya. Sura ya kwanza ilianza na msichana anayerudi kijijini mwezi wa Aprili, masika yamekolea. Nikaandika kwamba miti yote ya porini ilikuwa imechanua, maua meupe na ya manjano yamefunika njia, nyuki wanavuma. Niliipenda sana aya hiyo. Nilijiona nimefika. Basi nilipokwenda kumsalimia bibi, upande wa Sindeni, nikauchukua mswada na kumsomea. Bibi hajui kusoma, lakini ni msikilizaji mkali kuliko mhariri yeyote. Nilipofika kwenye maua akanikata kauli.

"Ngoja kwanza, mume wangu. Miti hiyo ni ya wapi?"

"Ya hapa hapa, bibi."

"Hapa? Masika? Mkambala gani wa hapa unatoa maua masika?" Alicheka mpaka akajifuta machozi kwa pindo la khanga. "Wewe ulizaliwa hapa au uliletwa na basi?"

Nilinyamaza. Nimeipita barabara ya Korogwe kwenda Handeni mara nisizoweza kuzihesabu, na nilikuwa sijawahi kuitazama miti yake. Bibi alikuwa anasema jambo ambalo kila mchunga mbuzi wa Handeni analijua: miti mingi ya nyika yetu huchanua wakati wa ukame. Mkambala hutoa vishada vyake vyeupe mwishoni mwa kiangazi, matawi yakiwa hayana hata jani moja, vumbi limejaa kila mahali. Mninga nao huwa wa manjano karibu na mvua za vuli, kwa muda mfupi tu, kisha yote yanapukutika. Mbuyu hufungua ua lake kubwa jeupe jioni jua likizama, popo wanalijia usiku, na kesho yake limeshaanguka. Masika yana maua pia, sikatai. Yana ya nyasi, ya mimea inayotambaa, ya magugu ya shambani. Lakini ile picha yangu ya pori zima kufunikwa na maua kwa sababu mvua imenyesha haikutoka Handeni.

Ilitoka wapi basi? Nimejichunguza, na jibu langu ni kwamba niliiazima. Tumesoma shuleni vitabu vya Kiingereza ambamo baridi kali inakwisha, theluji inayeyuka, na maua yanatoka kwa pamoja. Huko ni kweli. Mti wa Uingereza unangoja joto. Sisi tukachukua masika yetu tukayavika nguo za majira yao. Tangu hapo, kila kijana anayeandika hadithi ya mapenzi akitaka kuonyesha furaha hunyesha mvua na kuchanua maua, na akitaka kuonyesha huzuni hukausha majani. Mwandishi wa namna hii hatazami nje ya dirisha. Anafungua sanduku la mapambo tu.

Sitaki kuwatupia mawe vijana wenzangu peke yao. Hebu tuwaangalie na wakubwa wetu, kwa heshima zote wanazostahili.

Said Ahmed Mohamed alitupa riwaya ya Dunia Mti Mkavu mwaka 1980. Sina ugomvi na kitabu hicho. Ni miongoni mwa vitabu vilivyonifanya nitake kuandika. Kilichonifikirisha ni jina lake. Mti mkavu pale ni ulimwengu usioegemeka, ulimwengu utakaokuangusha. Kwa mtu wa kisiwani, aliyezoea mikarafuu na minazi yenye majani mwaka mzima, mti usio na jani ni mti uliokufa. Lakini msomaji wa Handeni akiona mti mkavu mwezi wa Septemba hasemi umekufa. Anausogelea aone kama umetoa vitumba. Jina lile lile la kitabu linasomeka kwa namna mbili, kutegemea msomaji alikulia chini ya mti gani. Jambo hili sijawahi kulisikia likisemwa darasani, nami nadhani linafaa kusemwa.

Shaaban Robert ni wa mkoa wetu wa Tanga, mzaliwa wa Vibambani. Katika Utubora Mkulima, kilichotoka mwaka 1968, anamtoa mtu katika kazi ya mshahara na kumpeleka kwenye jembe. Nathubutu kusema kwamba shamba la kitabu kile ni darasa la utu zaidi kuliko mahali pa kuhangaikia mvua. Utulivu wake ni mzuri. Hata hivyo, mkulima wa Handeni akikisoma leo atajiuliza kama Utubora aliwahi kulala macho akiusikiliza upepo.

Mwandishi ninayemvulia kofia katika jambo hili ni Aniceti Kitereza wa Ukerewe. Aliandika habari za Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka kwa Kikerewe, akamaliza mwaka 1945, kisha akaitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili. Kitabu kilichapishwa mwaka 1980, mwaka mmoja kabla hajafariki. Wapo wanaokilalamikia kwamba kina maelezo mengi mno ya kilimo, ya pombe, ya dawa na ya wanyama. Mimi nasema maelezo hayo ndiyo moyo wake. Bugonoka anatafuta mtoto, na mganga anakwenda porini kutafuta mimea. Pale mmea si pambo. Mmea usipopatikana, hakuna mtoto, na bila mtoto hakuna hadithi.

Basi nilirudi Korogwe, nikaifuta aya yangu ya Aprili. Msichana wangu nikamrudisha kijijini mwezi wa Oktoba. Nikauweka mkambala mweupe juu ya ardhi kavu, mama zake wakautazama na kusema mvua iko njiani, wakapanda mahindi kwenye vumbi kabla ya mvua, kama bibi alivyonieleza kwamba wao walifanya. Nikaona sasa nimeandika ukweli. Nikaenda tena Sindeni kifua mbele.

Safari hii bibi hakucheka. Alisikiliza mpaka mwisho, akakaa kimya, akachukua ungo wake na kuanza kupeta.

"Ndivyo ilivyokuwa," akasema. "Zamani."

Akanisimulia. Mwaka 2021 mkambala ulichanua kama kawaida, naye akapanda kwenye vumbi kama kawaida. Mbegu zikalala. Nyingine zililiwa na mchwa, nyingine zikachipua kwa manyunyu ya siku mbili, kisha zikaungua. Mwaka 2022 akaungoja mti, ukachelewa, ukatoa maua machache upande mmoja tu. Akapanda kidogo kwa hofu, akapata kidogo. Na kabla ya hapo, vuli ya mwaka 2019, mvua ilikuwa imekuja na nguvu ya kung'oa kila kitu, mti ukiwa haujaashiria chochote cha namna hiyo. "Siku hizi nasikiliza redio," akasema. "Mti umekuwa muongo kama nyie waandishi."

Aliyasema hayo kwa mzaha, lakini mimi yaliniingia. Aibu yangu ya kwanza ilikuwa kuandika maua ya kuazima kwa Wazungu. Ya pili ilikuwa mbaya zaidi, maana nilikuwa nimeandika maua ya kuazima kwa bibi yangu mwenyewe, ya ujana wake, nikayapachika kwenye riwaya ya leo.

Hapa lazima niwe mwangalifu, maana bibi mmoja na mti mmoja si ushahidi, na mwaka mmoja mbaya haujawa mabadiliko ya tabianchi. Ukame ulikuwapo tangu enzi za mababu. Lakini haya ya bibi hayasimami peke yake. Wachunguzi wa hali ya hewa wameonyesha kwamba kuanzia miaka ya 1980 hadi kama mwaka 2010 masika ya Afrika ya Mashariki yalielekea kuanza kwa kuchelewa na kukoma mapema. Vuli nayo inafuata sana joto la bahari. Mwaka 2019 Bahari ya Hindi ya upande wetu ilipata joto kupita kawaida, na mvua zikafurika. Kisha ikaja hali iitwayo La Niña miaka mitatu mfululizo, 2020 hadi 2022, na vuli zikawa haba. Juu ya yote hayo, joto lenyewe linapanda.

Sasa mti unajuaje wakati wa kuchanua? Wataalamu wa mimea wanatueleza kwamba si kila mti unasikiliza jambo moja. Upo unaofuata urefu wa mchana. Hata huku kwetu karibu na ikweta, ambako tofauti kati ya mchana mrefu na mfupi ni kama nusu saa tu katika mwaka, mimea mingine huihisi. Upo unaofuata joto. Upo unaongoja tone la kwanza la mvua. Na upo unaotaka usiku wa baridi: katika msitu wa Lopé kule Gabon watafiti waliona tangu miaka ya 1990 kwamba baadhi ya miti haichanui mpaka usiku wa kiangazi ushuke hadi kama nyuzi 19. Watu wameendelea kuutazama msitu huo mwezi hadi mwezi tangu mwaka 1986, na mwaka 2020 walitangaza kwamba maua na matunda yamepungua sana.

Fikiria basi, msomaji, miti hii ni majirani. Zamani kila mmoja alifuata saa yake na bado wote walifika pamoja, kwa sababu saa zote zilikubaliana. Sasa anayehesabu mchana anafika kwa wakati wake wa siku zote, anayengoja mvua anachelewa, na anayetaka baridi hafiki kabisa. Nyuki anafika mezani chakula kimeshaondolewa. Na mkulima, ambaye alisoma saa moja ili kujua nyingine, anapanda mbegu kwenye vumbi lisilo na mvua.

Hili ni jambo la fasihi kama lilivyo la kilimo. Ua la mkambala lilikuwa neno, na maana yake ilikuwa: panda. Watu walikubaliana juu ya maana hiyo kama mimi na wewe tunavyokubaliana juu ya maana ya neno mama. Si Handeni peke yake. Mwaka 2010 zilichapishwa habari za uchunguzi uliofanywa Rungwe na Kilolo, ambako wazee walitaja kuchanua kwa miti fulani kuwa dalili ya msimu ujao; na Lushoto, jirani zetu hapa, wazee nao wamehojiwa kuhusu dalili zao. Ipo lugha nzima hapa, ina sarufi yake, na inapoteza maana neno moja baada ya jingine. Mahali pake tunapata lugha ya redio: mvua za wastani hadi chini ya wastani. Siwalaumu wa Mamlaka ya Hali ya Hewa. Wanasema kwa uangalifu kile wanachoweza kukisema. Nasema tu kwamba bibi anapoisikia sentensi hiyo huniuliza, "Sasa nipande au nisipande?"

Najua lipo pingamizi. Mtu atasema: kijana, riwaya si kalenda ya bwana shamba. Msomaji anasoma habari za watu, na kama mbuyu umechanua mwezi usiokuwa wake, nani atakufa? Pingamizi hili nimelifikiria sana, na kwa nusu nalikubali. Sitaki riwaya zenye orodha ya miti. Kuna ubaya wa kujaza majina ya mimea kama ushamba wa kujionyesha, na kuna waandishi wasiotaja hata jani moja ambao wanatikisa roho. Asiyekuwa na haja ya ua, asiliweke. Lakini aliyeliweka amesema kitu. Amemwambia msomaji: hapa ndipo tulipo, huu ndio wakati. Akisema uongo pale, kwa nini nimwamini anapoeleza moyo wa mtu?

Na kuna jambo jingine. Maneno ya mwandishi aliyetazama kwa macho yake huja kuwa na kazi ambayo yeye mwenyewe hakuikusudia. Marekani alikuwako mwandishi Henry David Thoreau, aliyeishi mji wa Concord. Kati ya mwaka 1852 na 1858 alikuwa akizunguka porini na kuandika tarehe ambayo kila ua la mwituni lilifunguka. Wenyeji bila shaka walimwona hana kazi. Kama miaka 150 baadaye, mtaalamu wa mimea Richard Primack na wenzake walizichukua tarehe zile, wakazunguka tena mji ule ule, wakaona maua ya majira ya kuchipua sasa hufunguka kama wiki moja mapema na zaidi. Huko Kyoto, Japani, siku ya kuchanua kwa miti ya micheri inafuatiliwa hadi karne ya tisa kwa sababu watu wa ikulu walikuwa wanaiandika katika shajara na mashairi yao. Mwaka 2021 ilifikia kilele tarehe 26 Machi, mapema kuliko mwaka wowote uliokuwa umetangulia katika miaka zaidi ya 1,200. Washairi wale walidhani wanaandika juu ya uzuri. Kumbe walikuwa wanaweka ushahidi.

Sisi nasi hatukuanza jana. Amani, katika milima ya Usambara hapa mashariki ya Korogwe, Wajerumani walifungua kituo cha utafiti mwaka 1902. Wakati wa Waingereza alifanya kazi pale bwana Greenway, aliyetoa kamusi ya majina ya mimea ya Kiswahili mwaka 1937. Matawi yaliyokaushwa pale, yakabandikwa kwenye karatasi zenye tarehe na mahali, baadaye yalihamishiwa Nairobi. Siku hizi wataalamu sehemu nyingi za dunia wanazipekua karatasi za namna hiyo ili kujua ua lilifunguka lini zamani. Lakini ile kamusi inatupa jina la mti tu. Haitwambii kwamba mti huu ukichanua bibi yangu alikuwa akichukua jembe. Hilo ni la mwandishi wa hadithi, na asipoliandika yeye, halitakaushwa na kubandikwa popote.

Tena Handeni ya leo si ya Wazigua peke yao. Tangu Juni 2022 wamehamia Msomera watu waliotoka Ngorongoro. Wamekuja na ng'ombe zao na nyimbo zao, na bila shaka na kalenda yao ya maua ya nyanda za juu, ambayo miti ya hapa haiijui. Wenyeji nao wana kalenda iliyowaharibikia mikononi. Wakikaa pamoja jioni na kuulizana mvua itakuja lini, hakuna mwenye mti wa kuonyesha kidole. Mimi nikiwa msomaji, riwaya hiyo naitaka. Sijaiona bado.

Kwa hiyo, wenzangu, ombi langu si kubwa. Kwanza, tuache kuchanua maua ovyo. Kila ukiandika ua, jiulize ni la mti gani, mwezi gani, mwaka gani, na nani aliliona. Pili, tusiwageuze bibi na babu zetu kuwa kamusi ya mambo yasiyobadilika; wao ndio wa kwanza kujua kwamba yamebadilika, na ndio walioumia. Tatu, mabadiliko haya tusiyafanye hotuba. Riwaya yenye mhusika anayesimama kuhutubia juu ya tabianchi nitaifunga ukurasa wa pili. Mwanamke aliyepanda kwenye vumbi kwa kuuamini mti, akarudi siku ya kumi na kufukua udongo kwa kidole aone kama mbegu ingali hai, huyo anatosha.

Sura yangu ya kwanza nimeiandika mara ya tatu. Msichana anarudi Oktoba 2022. Mkambala una maua upande mmoja. Mama yake anautazama, hasemi kitu, anaingia ndani kutafuta betri za redio. Bado sijamsomea bibi. Nitakwenda mwisho wa mwezi huu, Mungu akipenda, na safari hii sitakwenda kifua mbele.

Kama yupo mwenzangu anayeona nimepotoka, kurasa hizi ni zetu sote. Na aandike. Lakini kabla ya kuandika, nampa sharti moja tu: atoke nje kwanza autazame mti wa jirani, aniambie umefanya nini mwezi huu.